Siku Tuliyowapita Watu Njiani

Baba alikuwa ameshaamua: gari litauzwa Jumamosi. Mnunuzi, mkulima wa ngano kutoka Timau, alikuwa amekwisha kuliona na kulipenda. Sababu ya kuuza haikuwa shida ya pesa. Ilikuwa kelele. Kuna kitu kilichokuwa kikigonga huko nyuma, kwa-kwa-kwa, kila gurudumu lilipoingia shimoni, na barabara ya kutoka kwetu mpaka Nyeri mjini haikuwa na uhaba wa mashimo.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alilinunua gari lile likiwa limeshazeeka, ile miaka kahawa ilipolipa vizuri, stesheni wagoni ya rangi ya maziwa yenye buti ndefu, naye alipenda kufika mahali kwa heshima. Sasa watoto wa njiani walikuwa wakilisikia kabla ya kuliona, wakipiga kelele, "Debe inakuja! Debe inakuja!" Baba alikuwa akikaza macho mbele kama mtu asiyesikia, lakini masikio yake yalikuwa yakimwasha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, na tangu magoti ya baba yalipokataa kukanyaga klachi, mimi ndiye niliyeliendesha. Nililipenda gari lile kuliko nilivyompenda mwanamume yeyote aliyekuja kuniposa. Nasema wazi, siogopi. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilimkabili baba akinywa chai.

"Baba, na nikipata hiyo kelele kabla ya Jumamosi?"

"Ukipata, chukua gari, ikuwe yako." Akapuliza chai. "Lakini hutapata. Mafundi wawili wameshindwa, ati wewe?"

Ati mimi! Nilitoka pale nikiwaka moto.

Ilikuwa likizo ya Agosti, manyunyu na baridi kila siku. Jumanne nilikwenda kwa fundi mmoja wa mtaa wa Majengo, mjini, mzee Mwislamu mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na doa la grisi. Baba alikuja nami, maana hakukubali kubaki. Fundi alilizunguka gari, akaendesha mpaka mtoni na kurudi. Kimya. Akakaza bomba la moshi kwa kubahatisha, tukaenda zetu. Kabla hatujafika nyumbani: kwa-kwa-kwa.

Jumatano tukarudi. Tena fundi akaendesha, tena kimya kama kanisani siku ya Jumatatu. Akafunga gurudumu la akiba kwa kamba, akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa uongo. Nilitaka kulia. Jioni ile, tulipomshusha mtu wa mwisho tuliyempa lifti, gari likaanza tena kunicheka.

Alhamisi tulipoingia uani kwake, fundi hakuinuka kwenye kigoda. Alikaa tu akiangalia watu wakishuka. Wakashuka kina mama watatu na vikapu vyao, mzee mmoja na gunia la viazi, msichana mwenye kuku wawili. Wakatushukuru, wengine wakaenda sokoni, lakini yule mzee na kina mama wawili wakasimama kando wakingoja, kwa sababu walitaka wafikishwe stendi gari likishajaribiwa. Ndipo nikakumbuka kwamba jana pia tulifika na watu, na juzi vilevile. Ila siku hizo, fundi alipokuwa akijaribu gari, wale wa stendi walikuwa wanabaki ndani, wamekaa kwa adabu.

Maana kwetu gari haliendi tupu huku mtu anatembea. Baba alilishika hilo kama amri ya kumi na moja. Ukimwona mtu na mzigo, unasimama. Ukimpita, wiki nzima utasikia habari zako.

"Mwalimu," fundi akasema polepole, "hili gari hulia wakati gani hasa?"

"Tukiwa tunarudi."

"Na wakati huo mmebeba nani?"

"Hakuna. Huwa tumeshawashusha wote."

"Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma," akasema, akiinuka. "Na mimi hili debe sijapata kuliona tupu hata siku moja. Toeni kila kitu. Hata jeki."

 Tukatoa jeki, mkeka, mifuko ya mbolea iliyosahaulika tangu mwezi uliopita. Fundi akakunja kanzu yake, akalala kifudifudi huko nyuma, sikio sakafuni. Baba akakaa mbele kando yangu. Mimi nikashika usukani.

"Endesha kule kwenye mashimo. Na lolote litokee, usisimame."

Hatujaenda mbali, nikamwona mama mmoja mbele yetu, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, mgongo umepinda chini ya gunia la kabichi. Alitujua kutoka mbali, akanyoosha mkono, tayari anatabasamu.

"Simama," baba akasema.

"Usisimame!" ikatoka sauti sakafuni.

"Huyo ni mama wa kanisa! Simama, wewe!"

Nikakanyaga mafuta. Baba akaivuta kofia yake mpaka puani. Na pale pale, tukiwa sambamba na yule mama, gurudumu likaingia shimoni, likafuata la pili, na kelele ikaja, kwa-kwa-kwa, kubwa, tamu, na fundi akapiga yowe: "Hapo! Kushoto! Nimemshika mwizi!" Nami nikacheka kwa sauti, nikacheka mpaka machozi. Kwenye kioo nilimwona yule mama amesimama, mkono bado hewani, akituangalia tukipotea.

Uani kwa fundi tuliinua gari, nikajiingiza chini pamoja naye, gauni na yote. Akanionyesha pale ncha ya springi inaposhikwa na bodi. Ndani yake hukaa mpira mdogo, bushi. Alipochomoa bolti, mpira ulianguka mkononi mwangu vipande vipande kama ugali wa jana. Gari likijaa, akanieleza, uzito unakandamiza springi, bolti inatulia upande mmoja. Likiwa tupu, inarukaruka ndani ya tundu. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akimtupia baba jicho. "Ukarimu wako ndio ulioficha ugonjwa, mzee."

Bushi mpya ilipatikana duka la pili tulilouliza. Akaipaka maji ya sabuni, akaigonga mpaka ikaingia. Bolti niliikaza mwenyewe, baada ya kushusha gari, maana alinikataza kuikaza likiwa juu ya jeki. Tukalipitisha tupu kwenye mashimo yale yale. Kimya. Nikarudi nikapita tena. Kimya! Nilipiga honi njia nzima kama watu wa arusi.

Jumamosi mkulima wa Timau alifika na koti lake zito. Aliendesha peke yake, akarudi macho yanang'aa, akaongeza bei bila kuombwa. Nilisimama kando, mikono nyuma. Baba alilizunguka gari lote, akaipiga buti kwa kiganja.

"Hii gari haina ugonjwa tena," akasema mwishowe. "Lakini iko na mwenyewe. Muulize." Akaninyooshea ufunguo.

"Haiuzwi," nikasema. Sauti ilinitoka juu kama ya mtoto.

Mgeni alikuwa amekuja kwa basi, na haikufaa arudi mjini kwa miguu. Akaketi nyuma, baba mbele, mimi nikaendesha bila kelele hata moja. Kwenye kona ya kanisa alikuwapo yule mama, na gunia lake la kabichi. Alituona. Safari hii hakuinua mkono. Aligeuka akaangalia majani chai ya jirani kana kwamba hajawahi kuyaona.

Nilimngoja baba aseme "simama". Hakusema. Alikuwa akiangalia mikono yangu juu ya usukani.

Nikasimama. Nikashuka, nikafungua buti.

"Leo umeniona?" yule mama akauliza, bila kugeuka.

"Leo nimekuona, mama. Nisamehe. Lete hiyo gunia."