Ukuta wa Batholomeo

Kuanzia Mvumi hadi Chemba, ukimtaja marehemu Batholomeo kwa watu wa makamo, watakwambia jambo moja kabla ya mengine yote: ukuta wake haupati ufa. Si jambo dogo katika nchi hii, ambako ardhi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na nyumba nyingi nzuri huanza kuchora mistari kabla rangi haijazoeleka. Alikuwa mwashi aliyesomea kazi yake, akamwoa Edina, mwalimu wa jiografia, binti wa katekista. Walimpata Anjelina peke yake, na mtoto huyo alijua kushika timazi ya kunyooshea ukuta kabla hajajua kushika kalamu.

Batholomeo alipofariki, Edina alikataa kulia mbele ya ndugu wa ukoo waliodai urithi na akakataa vilevile kuuza vifaa vya kazi. Alimsomesha Anjelina mpaka chuo kikuu, naye binti akarudi akiwa mchoraji wa majengo. Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao ya Nzuguni. Siku kibao cha ofisi kilipoandikwa getini, Edina alisimama nyuma ya mwandishi mpaka akahakikisha kwamba neno Batholomeo halikuwa dogo kuliko neno Anjelina.

Kisha kanisa la Mvumi likataka kujenga bweni la wasichana. Waliofika hatua ya mwisho walikuwa wawili: Anjelina, na kampuni moja ya mjini yenye vijana wa tai. Kila mmoja aliitwa kuonyesha mchoro wake mbele ya kamati ya ujenzi, ukumbini mwa kanisa. Kwa Edina hilo halikuwa suala la kazi tu. Nyumba ya mchungaji, iliyo nyuma ya ukumbi huohuo, ilijengwa na mume wake. Binti akishindwa pale, angeshindwa kivulini mwa baba yake.

Wiki moja kabla, kompyuta ya Anjelina ilikuwa imesumbua kwa matangazo kwamba mfumo wake wa zamani hautatunzwa tena. Akaukubali mfumo mpya. Kompyuta ikajizima na kujiwasha mara kadhaa, ikaamka na sura nyingine. Aliandika barua, akapiga hesabu za saruji, akaona mambo ni mazuri. Mchoro wa bweni hakuufungua. Alikuwa ameshaumaliza, na kwa mtoto wa Batholomeo kitu kilichomalizika hakiguswiguswi. Baba yake alikuwa akimfukuza yeyote aliyepapasa ukuta uliokwisha.

Siku ya kamati, Edina alivaa kitenge chake cha sherehe na kuketi safu ya pili. Ukutani kulitundikwa shuka jeupe, projekta ikawashwa. Anjelina aliwaamkia wazee, akafungua mchoro. Bweni likatokea, zuri kama siku ya arusi. Akalizungusha ili wauone upande wa veranda.

Hapo kuta zikapasuka. Mistari myeusi ilikimbia kutoka pembe hadi pembe, ikapotea, ikarudi mahali pengine.

Mzee Gaudence, mwashi aliyefanya kazi na Batholomeo miaka mingi, ndiye aliyesema kwanza. Yeye ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Wagogo kama akina Batholomeo ni mtani. Anasema ambalo mwingine angelimeza.

“Shemeji,” alimwita Edina bila kugeuka, “Batholomeo kafa tu, na nyumba zimeshaanza kupasuka kabla ya kujengwa?”

Ukumbi ulicheka. Mjumbe mmoja aliuliza kama udhaifu uko kwenye ramani yenyewe. Kijana wa kampuni ya mjini alisema kwa adabu nyingi kwamba kwao mambo ya namna hiyo hayatokei.

Edina aliinuka, akaenda kwa binti yake kama mtu anayempelekea maji. Akamnong'oneza, “Sema umeme umesumbua. Omba siku nyingine. Watakubali.”

“Umeme haukusumbua, Mama,” Anjelina alijibu.

Edina akarudi kukaa, akainamisha kichwa.

Anjelina alianza na vilivyo karibu. Alibadili waya wa projekta, nyufa zikabaki. Alitazama kioo cha kompyuta yenyewe, zipo. Basi projekta haina kosa. Aliizima kompyuta na kuiwasha upya, zipo. Alifungua mchoro uleule kwenye simu yake, kuta zikaonekana safi, akampa Mchungaji Elisha, mwenyekiti wa kamati, aipitishe simu mkono kwa mkono. Basi mchoro nao hauna kosa. Kisha akapunguza vivuli na mng'ao wa picha, na nyufa zikafifia mpaka mtu wa nyuma asingeziona.

“Hiyo sasa ni lipu ya kuficha ufa, mwanangu,” alisema Gaudence. Safari hii hakuwa akitania. “Baba yako asingeipaka.”

Mkono wa Anjelina ulisimama.

Edina naye alikumbuka. Walikuwa wameoana karibuni, Batholomeo anajenga duka kule Chemba kando ya mnada wa ng'ombe. Siku ya mnada alidondosha timazi akagundua ukuta umelala kidogo. Edina alimsihi asubiri watu waondoke. Batholomeo alichukua nyundo saa ileile, akabomoa mbele ya wafugaji na wanunuzi wote, akateremka mpaka kozi ya mwisho, yaani safu ya matofali iliyokubaliana na timazi, akaanza kupanda tena kutoka hapo. Edina aliona aibu hata akajifunika khanga. Lakini ni mnada ule, wala si ukuta mwingine wowote, uliolipeleka jina la mumewe kila kijiji.

Anjelina alivirudisha vivuli vyote. Nyufa zikajaa tena shukani, nyeusi tii.

“Wazee wangu,” alisema, “wiki iliyopita niliibadilishia kompyuta hii mfumo. Mfumo mpya umekuja na draiva yake, yaani ile programu inayoielekeza kadi ya picha namna ya kuchora. Sasa draiva hiyo na kadi yangu hazielewani. Nilipaswa kuujaribu mchoro kabla ya kuja mbele yenu, na sikuujaribu. Naomba nibomoe mpaka kozi ya mwisho iliyonyooka. Mkiwa mnaona.”

Mchungaji Elisha akaitikia kwa kichwa.

Alikata mtandao kwanza, kompyuta isije ikaiita tena draiva mpya yenyewe. Akafungua orodha ya vifaa, akaitafuta kadi ya picha, akaiamuru irudi kwenye draiva iliyokuwepo kabla. Shuka likawa jeusi lote. Kijana wa mjini aliangalia saa yake. Edina alishika mkoba wake kwa mikono miwili, ila safari hii hakuinamisha kichwa.

Mwanga ukarudi. Bweni likarudi. Anjelina alilizungusha polepole, upande wa veranda, upande wa vyoo, nyuma, juu. Kuta zilisimama.

Gaudence aliinuka kwa mkongojo wake mpaka kwenye shuka, akafumba jicho moja kama anayepima pembe, akapitisha kiganja juu ya ukuta ule wa mwanga, kona hadi kona.

“Hauna ufa,” alisema. Kisha akageukia kamati. “Ila Wagogo hawa wamenibania, hawakuweka mlango wa mtani. Nitapitia wapi nikija kudai ugali wangu?”

“Utapitia jikoni, baba mdogo,” Anjelina alijibu, “ukaoshe sufuria kwanza.”

Kampuni ya mjini nayo ilionyesha mchoro wake, na kwa haki ulikuwa mzuri. Kamati ilikaa faragha, ikamwita Anjelina, ikampa kazi. Gaudence aliomba awe msimamizi wa matofali, akakubaliwa.

Waliporudi Nzuguni, habari ilikuwa imetangulia. Jirani aliwasubiri getini, akauliza kwa upole wenye sindano kama ni kweli kompyuta ya Anjelina iliharibika mbele ya watu. Zamani Edina angelijua la kusema kulifunika.

“Ni kweli,” alijibu, akisimama wima chini ya kibao chenye majina mawili. “Mbele ya watu wote. Na akaitengeneza mbele ya watu haohao, kama baba yake.”

Akaingia ndani kuteleka chai.