Dakika Arobaini za Mzee Kiunga

Ukifika Makutano pale mjini Meru na kuuliza ni nani anayeandika wasifu wa marehemu, hata muuza ndizi atakuelekeza kwa Kathure. Saiba yake ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayopiga kelele kuliko mnada, na benchi refu la wafiwa. Nasema wafiwa kwa sababu wateja wake wengi ni hao, watu wanaokuja na picha ya mtu aliyelala mochari, wakitaka kijitabu cha mazishi kabla ya Ijumaa. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, ameacha wajukuu wangapi. Kathure akikiandika, kikisomwa kaburini hata jirani aliyegombana na marehemu analia.

Kipaji hicho hakukipata shuleni. Shule ndiyo kidonda chake. Alikuwa kidato cha pili, nambari tatu darasani, babake alipofika bwenini asubuhi moja, akalifunga sanduku lake kwa kamba na kumrudisha nyumbani Laare. Kakake Mutwiri, ambaye kwa haki ya Mungu alikuwa anashika mkia, akaendelea kusoma. Kwa nini? Mzee Kiunga hakusema. Alikuwa mkulima wa miraa, mtu wa maneno ya kuhesabu, na katika boma lile baba haulizwi. Kathure akapelekwa kozi ya kupiga taipu. Miaka ishirini na sita ikapita. Akaolewa, akazaa, akafungua biashara, na kila mwezi aliwapelekea wazazi unga na sukari. Swali lile hakuliuliza hata siku moja, wala halikumtoka hata siku moja.

Zamani aliandika kwa mkono. Alikaa na mfiwa pale benchini, daftari magotini, "Ehe? Halafu?" Mtu akisita, Kathure anangoja. Akilia, anangoja. Kazi moja ilikula mchana mzima. Wateja walipozidi, na kidole gumba kikaanza kufa ganzi, alitazama video mbili tatu mtandaoni akajipangia mambo mwenyewe, bila fundi. Simu inarekodi, sauti inageuzwa kuwa maandishi, maandishi yanaingia yenyewe kwenye apu ya daftari chini ya jina la marehemu, kisha inatokea tiki ya kijani. Na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa hadi pomoni, akaongeza agizo moja: maandishi yakishaingia, sauti ifutwe. Alijiona mjanja. Na alikuwa mjanja, tusimnyime haki yake.

Taabu ilikuwa moja tu. Mtambo ule ulijua Kiswahili na Kiingereza, Kimeru haukukijua. Basi akawa anawaambia watu, "Ongea Kiswahili tafadhali, simu haijui Kimeru," anaiweka mezani, na kwenda zake kuchapisha barua za wengine. Sasa hebu niambie wewe, ni nani amlilie mamake kwa lugha ya mtihani? Lakini wafiwa walijikaza. Wasifu ulitoka haraka, umenyooka, mkavu kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, Mzee Kiunga mwenyewe akaingia mlangoni, amevaa koti lake la kanisani.

"Baba! Kuna nini? Mama ni mzima?"

"Mama yako ni mzima. Nimekuja uniandikie yangu."

"Yako gani?"

"Ya kusomwa siku ile. Watu wote wa Meru unawaandikia. Mimi nitaandikiwa na nani?"

Kathure akacheka. "Wacha hayo, Baba. Wewe bado una nguvu." Lakini wazee wengi hutaka kuyasema yao wakiwa hai, kwa hiyo hakubishana. Akamkalisha.

"Keti hapa," mzee akasema, akipiga benchi kando yake.

"Simu itasikia yote, Baba. Ila ongea Kiswahili."

"Kiswahili?" Akakitazama kile kidude juu ya meza. "Kiswahili ni cha kuongea na chifu."

"Jaribu tu."

Siku hiyo watu walikuwa wamejaa. Mwalimu alitaka nakala mia mbili za mtihani, akina mama wa chama walitaka barua ya kupeleka kaunti. Kathure akaiwasha simu, akamwachia mzee. Kutoka kwenye mashine aliona mdomo wake ukicheza. Alimwona akiinama karibu na simu. Kuna wakati alivua kofia akaishika magotini. Fotokopi ilikuwa inanguruma, hakusikia hata neno. Zilikuwa dakika arobaini.

Alipomaliza, mzee alimfuata hadi mashineni. "Umepata?"

Kathure akatupa jicho kwenye simu, akaona tiki ya kijani. "Nimepata yote, Baba."

"Yote?"

"Yote."

"Na uko sawa?"

"Niko sawa kabisa."

Mzee akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu amzae, akaushikilia. Kathure alidhani ni uzee tu. Mwalimu alikuwa anatazama saa, kwa hiyo alimwita mtu wa boda ampeleke babake steji ya matatu.

Wiki tatu baadaye Mzee Kiunga alikunywa chai, akaenda kukagua miraa yake, asirudi. Walimkuta ameketi chini ya mti wake, amekwisha kuondoka.

Kinyozi hajinyoi, lakini huyu ilibidi ajinyoe. Kathure alifungua daftari la simu, akatafuta jina la babake, akasoma. Mimi naitwa Kiunga. Mimi nilizaliwa Laare. Baba yangu alikuwa na ng'ombe. Mimi nilioa Ciakuthii. Ilikuwa mistari minane ya Kiswahili cha barazani, na wa tisa ukasema: Sasa Kathure, hiyo shule yako.

Hapo Kiswahili kikamwishia mzee. Kilichofuata ni kurasa tatu za takataka, maneno ya Kiswahili na Kiingereza yaliyookotwa huku na kule na kupangwa bila maana. Aliyasoma kwa sauti mara nne, akijaribu kusikia Kimeru nyuma yake. Wapi! Aliitafuta sauti yenyewe, na sauti ilikuwa imefutwa kwa agizo lake mwenyewe. Mafundi wawili wa Makutano waliichokonoa simu ile kutwa nzima, wakamrudishia wakitikisa kichwa. Kathure alijifungia saiba akalia, akajichukia kwa kiasi ambacho hakuwahi kumchukia babake.

Wasifu aliuandika kwa kuulizauliza ndugu. Watu wakausifu.

Baada ya mazishi alibaki Laare siku chache. Asubuhi moja alikuwa jikoni na mamake, wakipukuchua mahindi.

"Siku ile alirudi kutoka kwako akiimba," Ciakuthii akasema. "Mzee yule, kuimba! Akaniambia, nimemweleza Kathure yote ya ile shule, na amesema yuko sawa. Alilala usingizi ambao sikuwa nimeuona kwake. Asante, mwanangu. Ulimtua mzigo."

Kathure hakuinua macho, na mamake akaendelea.

"Mimi hakuniambia kamwe. Nilimuuliza mara mbili, akatoka nje. Miaka hii yote nimekaa nikidhani ni kosa langu, kwamba kuna mahali sikukutetea. Sasa niambie. Alisema ilikuwa kwa nini?"

Kathure alikuwa amewatungia maneno wafu zaidi ya mia tatu. Angeweza kumtungia na huyu. Karo ilikosekana, Mama. Alisema alikosea, Mama. Alisema wewe huna kosa. Sentensi zilikuja zimepangika vizuri kabisa, akashindwa kuzitoa.

"Sikumsikiliza, Mama. Niliiachia simu, na simu haikuelewa."

Mamake akamtazama. "Lakini ulimwambia umepata yote."

"Nilimwambia."

Ciakuthii akachukua hindi jingine, akalishika bila kulipukuchua.

"Basi," akasema, "tutakufa bila kujua, mimi na wewe."