Vervene ya Kutazama

Nyumba yetu katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ilikuwa ya mwisho katika mstari, na nyuma yake hakukuwa na mti wala ukuta wa kuleta kivuli. Jua lilipiga uwanja tangu asubuhi mpaka lilipozama upande wa Kambove. Mihogo niliyopanda kwa ajili ya sombe ilidumaa, mchicha wa lengalenga ukakauka kabla ya kufika goti. Kwa hiyo mume wangu alipokuja kutoka kazini na vipande vya mashina ya maua vilivyofungwa katika gunia bichi, nilicheka.

"Mboga inakufa hapa, weye unaleta maua?"

"Hii haiogopi jua," akasema. "Inaogopa kivuli."

Alivipata kwa mtunza bustani wa nyumba za wakubwa wa kampuni, mtu wa parokia yetu. Huyo ndiye aliyempa jina la ua, vervene, na namna ya kulilea. Mume wangu alichanganya ule udongo mwekundu na changarawe ili maji yasituame. Aliyalaza mashina chini, maana pale shina linapogusa udongo ndipo linapotoa mizizi. Alimwagilia mpaka yakashika, kisha akaacha kabisa. Nilipotaka kumwaga pale maji ya kuoshea sahani, alinizuia.

"Mama Mapasa, utaiozesha!"

Kambi nzima iliniita hivyo, kwa kuwa watoto wetu wawili walikuwa mapacha.

Kiangazi kilipofika, bomba la kambi lilitoa maji asubuhi kidogo, halafu hewa. Viwanja vya majirani viligeuka vumbi. Chetu kilikuwa na maua ya zambarau na mekundu, yametandaa chini kama kitenge kilichoanikwa. Kila jioni mume wangu aliyakata vichwa vilivyokauka kwa kisu cha jikoni, na baada ya siku chache vingine vilichipua. Watu waliotoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, walisimama na majembe yao wakatazama.

"Baba Mapasa, leo bukari munakula na maua?"

"Weye kuya na bukari," aliwaambia walete ugali wao, "maua iko."

Wakati huo nilikuwa nikipiga pasi nguo za masista wa misheni. Katika kabati lao la jikoni kulikuwa na boksi la majani makavu. Baada ya chakula waliyachemsha na kuyanywa, wakisema yanatuliza tumbo. Juu ya boksi liliandikwa jina lilelile, vervene. Siku moja tukila nilimwambia mume wangu kwa mzaha kwamba masista wanakunywa maua yake. Hakucheka. Aliuliza wanakunywa kwa sababu gani, nami nikamwambia.

Tumbo lake lilikuwa limeshaanza kumuuma.

Mvua ziliporudi alikuwa amekonda uso na kuvimba tumbo, na macho yake yalikuwa ya manjano. Hospitalini walisema ni ini. Walimpa vidonge, kisha vidonge vikakosekana. Ndipo alipoanza kwenda mwenyewe uwanjani alfajiri, kabla majirani hawajafungua milango, akachuma majani na kunipa nichemshe. Mimi nilichemshia nje, kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, na kila aliyepita aliniona.

"Iko chungu?" nilimuuliza.

"Chungu njo dawa."

Alikunywa kila siku. Alifariki mvua zilipokuwa zinakwisha.

Matanga yalikaa uwanjani kwetu. Wanaume waliweka mabenchi yao juu ya maua, maana hakukuwa na nafasi nyingine, na mimi nilikaa kwenye mkeka pamoja na mama mkwe wangu. Siku ya kutawanyika, kaka mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa amefika kutoka Kakanda, alisimama mbele ya watu wote.

"Mbele ya kuachana, tunataka kujua kitu moya. Ndugu yetu alikuwa anakunywa nini humu ndani?"

Kisha jirani yangu, mwanamke tuliyekuwa tukiazimana chumvi, akasema bila kunitazama, "Miye niliona. Majani ya hii maua. Kila siku Mama Mapasa anachemusha."

"Basi," shemeji yangu akasema, "mwenye kumupatia, naye akunywe. Tuone. Na batoto tutaenda nabo Kakanda."

Hakuna aliyetamka neno mwavi. Sisi ni Wakristo. Lakini wazee wote pale walijua kwamba zamani mtu aliyeshukiwa alinyweshwa sumu hiyo mbele ya watu. Akitapika ni mwema, akifa ni mchawi.

Ningeweza kusema kwamba aliyachuma mwenyewe. Sikusema. Kumtupia marehemu neno katika matanga yake, mbele ya ndugu zake, hakuna mtu ambaye angenisamehe, na sidhani kama wangeniamini. Niliinuka, nikasogeza benchi, nikachuma majani, nikaweka maji motoni.

Mama mkwe alisema kutoka mkekani, "Ongeza majani, mwanangu. Tia ya bantu babili."

"Mama, weye hapana!" mwanawe mkubwa akapiga kelele.

"Nyamaza. Miye njo nilimuzaa. Kama ni sumu, nami niionje."

Tulikunywa, kikombe changu na kikombe chake. Uchungu wake ulishika koo, haukuteremka. Baada ya hapo watu wote walikaa wakatutazama. Mwanamke mmoja alianza rozari, wengine wakaitikia kwa sauti ndogo. Jua lilipanda. Mzee mmoja aliyekaa mwisho wa benchi alichoka.

"Tutangoya mpaka wakati gani? Njaa itatuua mbele ya sumu."

Watu walicheka, kisha wakaona haya. Mama mkwe aliomba bukari, akanawa, akala yote. Alasiri shemeji yangu alisema "Basi", akachukua koti lake. Mapacha hawakwenda Kakanda.

Nilipomaliza siku za kukaa ndani nilirudi kwa masista. Nilikuwa na tawi la ua katika kitambaa. Nilimpa sista mzee na kumuuliza kama ndilo lile la kwenye boksi. Alilisugua, akalinusa, kisha akafungua boksi na kuniletea puani. Majani yale yalinukia limau. Yetu hayakuwa na harufu hiyo.

"Jina ni moja," akasema, "lakini hii yako ni ya kutazama. Ya kunywa ni mti mwingine."

"Ya kutazama inaua?"

"Sijasikia imeua mtu. Lakini kwa mwenye ini bovu, sijui, mama."

Nilitembea kwenda nyumbani na neno hilo. Kikombe changu kilikuwa kimenisafisha mbele ya watu. Lakini mimi nilikunywa kimoja, naye alikunywa msimu mzima wa mvua. Nikimwambia mama mkwe, anaweza kumwita mwanawe kutoka Kakanda, na safari hii watoto watakwenda. Nisipomwambia, nitakula naye kila siku nikijua kwamba alikunywa kwa ajili yangu bila kujua alichokunywa.

Nilimkuta anatwanga sombe, mapacha wakicheza karibu yake. Nilimwambia yote: nani alileta jina, nani alizungumza juu ya boksi, nani alichuma, nani alichemsha, na sista alisema nini. Hakuacha kutwanga mpaka nilipomaliza.

"Alikunywa kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Yeye," akasema. "Akiwa mutoto, kwa kumeza dawa ya kinini nilikuwa namubana pua." Aliweka mchi chini. "Kumbe alitaka kupona."

Aliwatazama mapacha.

"Kaka yake hapana kusikia. Atakuya kukamata batoto."

"Hatasikia, mama."

"Na miye, usiniambie tena."

Alikaa nasi mpaka mapacha walipomaliza shule ya msingi. Tulipika pamoja, tulikwenda misa pamoja. Tangu siku ile hakunilaumu hata mara moja, wala hakuniita tena mwanangu. Aliniita Mama Mapasa, kama watu wa kambi.