Mwenye Kampuni Alikuwa Jikoni

Kazi yangu ni kuotesha nyasi. Nikiwaambia watu wa kanisani wanadhani natania, maana sisi tuliotoka milimani, Kivu ya Kusini, tunajua nyasi hujiotea zenyewe na kazi ya binadamu ni kupeleka ng'ombe. Lakini hapa Louisville, Amerika, barabara ikipanuliwa, udongo wa pembeni unabaki uchi, na mvua moja tu inatosha kuushusha wote mferejini. Kabla mkandarasi hajafunga kazi, lazima mtu apite pale kumwaga mbegu na mbolea, kisha afunike kwa majani makavu mpaka nyasi zishike. Mtu huyo ni mimi. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja Mmarekani aliyeniajiri baada ya mume wangu kufariki. Magoti yalipomshinda akaniuzia mashine zake, na ushauri mwingi akanipa bure bila kuombwa. Nina pikapu, trela, mashine ya kupuliza majani inayokohoa kila asubuhi, na wafanyakazi watatu niliowatoa kwenye ghala la mizigo ambako sote tulikuwa tunabeba maboksi. Hakuna ng'ombe atakayekula nyasi zangu. Hilo bado linaniuma kidogo, na sioni aibu kulisema.

Barabara kubwa hujengwa kwa fedha za serikali, na serikali humtaka mkandarasi mkuu agawe sehemu ya kazi kwa kampuni ndogo za wanawake, za watu wa jamii za wachache, za watu ambao milango mingine wameikuta imefungwa. Mimi nilidhani ukinitazama tu inatosha. Haitoshi. Lazima ofisi ya barabara ya jimbo ikuchunguze, ione kwamba kampuni ni yako kweli na wewe ndiye unayeiendesha, ndipo ikupe cheti. Wamewahi kudanganywa sana, nadhani, na wanaume wanaoandika majina ya wake zao kwenye karatasi. Mkandarasi mmoja aliyekuwa na kazi kusini mwa jiji aliniambia wazi: nikipata cheti kabla baridi haijaisha, kingo zote za barabara yake ni zangu; nisipopata, atamchukua mwingine. Nilijua maana yake. Nisipopata, tunarudi ghalani wote wanne.

Nyumba yangu iko karibu na bustani ya Iroquois, na ndani yake naishi peke yangu. Binti yangu, mtoto pekee niliyenaye, alihamia Buffalo. Anapanga chumba upande wa North Buffalo na anafanya kazi kwenye kiwanda huko Tonawanda. Upande wa marehemu amebaki mtu mmoja tu wa kwetu katika nchi hii, kaka yake mkubwa, anayeishi Columbus. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa ananipigia simu na kuuliza, “Muke wetu, habari ya nyumba?” Namjibu nyumba ni nzima, wakati nyumba yenyewe ni mimi na friji. Kwa heshima mimi humwita kama binti yangu anavyomwita, baba mukubwa.

Barua ya ofisi ilipokuja ilisema afisa atanitembelea, aone mahali pa kazi na mashine, amhoji mwenye kampuni. Niliisoma mara mbili. Nikaelewa kila neno. Halafu nikashika simu nikamwita shemeji kutoka Columbus.

Naomba nieleweke. Sikumwita kwa sababu sijui kusema. Waliowahi kunichelewesha kazini wanajua kama najua kusema. Kwetu mgeni wa serikali akifika, mkubwa wa familia ndiye anayefungua mazungumzo. Anamkaribisha, anaeleza hii ni nyumba ya nani, anaomba dua, ndipo wengine wanapata nafasi. Mjane akikaa peke yake mbele ya mgeni kama huyo, majirani wanasema ukoo umekwisha. Tena, niseme ukweli, nilitaka aone. Nilitaka mtu mmoja wa upande wa mume wangu aone kwamba serikali ya Amerika inakuja mpaka sebuleni kwangu kuniuliza habari za nyasi.

“Bon, nitakuya,” alisema. “Mugeni ya serikali hawezi kuta mwanamuke peke yake mu nyumba.”

Alifika mapema, amevaa koti lake la kanisani. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kompyuta ndogo na viatu vya kutembelea matopeni. Shemeji akampokea mlangoni, akamkalisha, akaomba dua ndefu kwa Kiingereza cha ghalani, akamshukuru Mungu na gavana. Kisha akaeleza kwamba tangu mdogo wake afariki, yeye ndiye mkubwa wa nyumba hii na mambo yote ya hapa yanapita kwake. Nilitikisa kichwa kukubali. Ni adabu tu. Mambo yote ya hapa hajawahi kuyajua. Hata jina la mbegu ninayotumia hajui.

Mimi nikaingia jikoni. Nilikuwa nimepika sombe, yaani kisamvu, wali, nyama, chai ya maziwa na maandazi. Nilipoleta chai, yule mama akasema asante, sheria haimruhusu kupokea chochote. Kwetu mgeni hukataa mara ya kwanza, na mwenyeji asiyejua hilo hana malezi. Kwa hiyo nikarudi jikoni nikaleta nyama. Akakataa tena, uso umemwiva. Nikaona anaona haya, nikarudi kuleta wali. Nikiwa jikoni nilikuwa nasikia maswali: nani anaamua kazi ya kuomba, nani anaajiri, nani anakwenda kuonana na wakandarasi. Na nilikuwa nasikia shemeji akijibu kila moja, “Tunakaa kama familia.” Hatujawahi kukaa. Afisa akaniuliza mimi mwenyewe swali moja tu lililonikuta sebuleni, nami, kabla ya kujibu, nikamtazama kwanza mkubwa. Tulipokwenda kuona mashine, shemeji akatangulia, nami nikafuata nyuma nikiwa bado nimeshika kitambaa cha jikoni.

Alipoondoka tukala chakula chote, mimi na shemeji, tukicheka. Alisema nimepata. Siku ile nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mazishi.

Barua ya pili ilikuja wakati wa theluji. Niliisomea ndani ya pikapu. Cheti tumekunyima, ilisema, kwa sababu hukuonyesha kwamba wewe ndiye unayeongoza kampuni. Maswali yalijibiwa na ndugu wa marehemu mumeo, ambaye alieleza kwamba mambo yote hupitia kwake. Ulipoulizwa ulisubiri idhini yake. Sehemu kubwa ya ziara mwenye kampuni alikuwa jikoni. Nilitafuta mahali waliponisingizia ili nipate pa kukasirikia, sikupaona. Kila kitu kilikuwa kweli, na kila kitu kilikuwa uongo. Nilipiga usukani ngumi mpaka honi ikalia, mtu aliyekuwa anapita na mbwa akaruka.

Chini ya barua walisema naweza kuomba wafikirie tena, nikileta ushahidi. Mama mmoja anayesaidia wafanyabiashara wadogo aliisoma akaniambia dawa ni moja: nieleze mwenyewe ninavyoendesha kampuni, na shemeji aandike tamko, alitie sahihi mbele ya karani wa kuthibitisha sahihi, kwamba hana hisa, hana kauli, wala haamui lolote. Kwake lilikuwa jambo la dakika kumi. Sikumweleza kwamba kwetu maneno kama hayo hutamkwa siku watu wanapokatana undugu.

Nikaendesha mpaka Buffalo ili binti yangu aniandikie kwa Kiingereza kizuri. Njia nzima nilikuwa natengeneza maneno ya kumwambia, nikafika nikakuta ana zamu mbili mfululizo. Nilikaa chumbani kwake siku nzima naangalia theluji ya jirani. Jioni akarudi, akaandika maelezo yangu na tamko la shemeji akiwa bado amevaa viatu vya kiwandani. Nilipomweleza kisa alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida, kwamba hakuelewa kwa nini yule mzee aliitwa kabisa.

“Ni mukubwa wetu,” nikasema.

Akainua mabega. Aliponisomea tamko, nikasikia ameandika kwamba shemeji hana nafasi yoyote katika maisha yangu wala katika kampuni. Nikamwambia aondoe hilo la maisha. Akasema linaipa barua nguvu. Nikamwambia aliondoe au nirudi bila barua. Akaliondoa, akanibusu, akalala kabla sijamaliza kumshukuru. Mtoto mwema sana. Lakini sikuwahi kujisikia mgeni kama nilivyojisikia usiku ule kwenye godoro lake la akiba.

Columbus iko njiani kurudi, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Shemeji alikuwa amenitengea chai. Nilimpa karatasi kwa mikono miwili, akavaa miwani, akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Nilitamani aghadhibike. Hakughadhibika.

“Donc, mu hii barua, mimi niko nani?”

“Muko ndugu ya marehemu, baba mukubwa.”

“Na hapa banasema sina sauti kwako.”

“Ni mu kampuni tu. Si mu nyumba.”

“Kampuni iko wapi?”

“Iko mu nyumba.”

Alikunja miwani akaiweka mezani. Nikaanza kueleza habari za cheti, za mkandarasi, za wale watatu watakaorudi kubeba maboksi, nikaeleza mara mbili, na mara ya pili kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayegombana peke yake. Akaniacha nimalize.

“Mi nilikuya ile siku juu basikuone kama uko peke yako,” alisema. “Kumbe njo vile banapenda.”

Kisha akaenda kuvaa lile koti la kanisani. Karani wa kuthibitisha sahihi alikuwa kijana wa benki, hakutuangalia usoni, akapiga mhuri akasema tuwe na siku njema. Shemeji alinisindikiza mpaka kwenye pikapu, akakagua matairi, akanipa maji ya njiani. Niliendesha mpaka nilipovuka mto Ohio bila kuwasha redio, nikilia kwa vipindi, nikiacha kila gari kubwa liliponipita.

Jumapili iliyofuata alipiga simu saa ileile. “Madame,” aliniambia, “habari ya kampuni?” Nilingoja nisikie kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Ndivyo anavyozungumza mtu mwenye adabu na mwanamke asiyemhusu, mwenye shughuli zake. Nikamjibu kampuni ni nzima. Jumapili ya pili nilipiga mimi. Ya tatu hakuna aliyepiga, nami nikasema moyoni ana kazi. Niliendelea kusema hivyo mpaka nilipoacha kuangalia simu.

Cheti nilikipata, nasema mapema ili mtu asihangaike bure. Kingo za barabara ile nilizipanda nyasi mimi, na wafanyakazi wangu wote watatu bado ninao, sasa ni watano. Lakini kabla ya hapo yule afisa alinihoji upya, safari hii kwa kompyuta, kila mtu yuko kwake. Sikupika. Nilifunga mlango wa jikoni, nikakaa peke yangu upande wangu wa meza, mikono mitupu. Aliniuliza kiasi cha mbegu kwa ekari, nikamjibu. Aliniuliza nafanyaje kwenye mteremko mkali, wakati gani nakataa kazi, nani alimfukuza mfanyakazi wa mwaka juzi. Nilijibu yote, na nikaongeza asiyouliza, mpaka akaniomba nipunguze mwendo. Nilikuwa nikitamba, na nilikuwa na haki ya kutamba.

Mwishoni akasema amebakiza swali moja. Jambo likinishinda kabisa, nikakwama, sijui la kufanya, huwa namgeukia nani?

Nilifungua mdomo nimtaje shemeji. Miezi michache nyuma ningemtaja, na lingekuwa jibu la kuninyima cheti. Nikamtafuta mwingine, nikapita kwa binti yangu na zamu zake mbili, nikapita kanisani, nikapita mpaka makaburini, na yule mama alikuwa ananingoja kwenye kioo cha kompyuta, kalamu mkononi, ananitakia mema kabisa.

“Hakuna mtu,” nikamwambia.

“Vizuri sana,” akasema, akaandika.