Kasuku Asiyepimwa

Kasuku wa mama alianza kujing'oa manyoya ya kifua mwaka ule mvua ilipochelewa, na kama kawaida mimi nilikuwa wa mwisho kuambiwa. Nilifika nyumbani kwa mama Kanduyi Jumamosi moja na sukari yangu na majani chai, nikamkuta kifua chake kimebaki ngozi tupu yenye vipele, kama kuku aliyeanza kunyonyolewa kisha mnyonyoaji akaitwa nje. "Kalibu chai," akaniambia, kwa sauti ya mama kabisa, na ile l yetu ya Bungoma. Nikamuuliza mama hali hiyo imeanza lini. Akasema tangu Pasaka, lakini nisiwe na wasiwasi, anampaka mafuta. Mafuta gani? Ya mtoto! Mimi ninauza dawa za mifugo Kitale mwaka nenda mwaka rudi, na mamangu mzazi anampaka ndege mafuta ya mtoto bila hata kunipigia simu. Nilishikwa na hasira hadi chai ikanishinda.

Ndege mwenyewe marehemu baba alimpata kwa dereva wa lori aliyetoka Kongo, nikiwa bado shule ya msingi. Kibali chake cha wanyamapori kiko kwenye fremu ukutani, kando ya picha ya harusi ya wazazi. Kizimba baba alikiunda kwa mikono yake, kwa mbao za kreti na waya aliookota, na ukubwa wake ni kama ndoo mbili zilizowekwa pamoja. Sisi watoto tulipotawanyika na baba alipotutoka, mama alibaki na huyo kasuku tu. Humwamkia kabla hajaamkia jirani. Humweleza bei ya nyanya, humweleza nani hakuja kanisani, naye hujibu anavyojua. Siku hiyo, nikiwa nimenuna pale kwenye kochi, mama alisema kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Huyu akienda, mimi nitaongea na nani? Na ukuta?"

Sikulala vizuri, na Jumatatu nilimwonyesha picha daktari wa mifugo ambaye hupita dukani kwangu akitoka Endebess kutibu ng'ombe. Aliitazama simu, akaikuza ile picha, akanirudishia. "Huyu haumwi ngozi," akasema. "Huyu amebanwa. Ndege wa namna hii akikosa pa kukunjua mabawa, anaanza kujila mwenyewe. Vile vidonda vikishika uchafu, mtampoteza kabla ya mavuno." Nikamuuliza tufanye nini. Akanieleza polepole kama anavyowaeleza wakulima: kizimba kiwe kipana kwa ubavu, sio kirefu kwenda juu, kwa sababu kasuku si helikopta. Akunjue mabawa yote mawili na ageuke, ncha zisiguse chuma. Chuma na chuma vikaribiane, kichwa kisipite. Na tusije tukatumia waya wa kuku, kwa maana ataukwangua kwa mdomo na ile rangi yake ya fedha ina sumu, itamuua. "Mabawa yake yakifunguka ni upana gani?" akauliza. Nikasema sijui. "Kapime basi," akasema, akaenda zake.

Nilidhani kazi imekwisha hapo. Mjini Kitale kuna duka moja linalouza vyakula vya mbwa na vizimba vya ndege, nikaingia. Kijana wa duka akaniletea kitu cha rangi ya dhahabu chenye kengele na kioo, kizuri ajabu, ambacho hata njiwa angelalamika kubanwa ndani yake. Nikamwambia ndege wangu hataenea. "Si atakunja, madam?" akasema. "Ati ndege, bana! Kwani anaenda wapi?" Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa.

Kutoka hapo nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mzee mpole ambaye amenitengenezea mlango wa duka na madirisha. Alikubali mara moja, ila akataka vipimo. Nikamwonyesha kwa mikono, hivi, au hivi kidogo. Akacheka. "Mama, mikono ya mtu mwenye hasira haipimi," akasema. "Leta namba. Bila namba mimi siwashi mashine." Basi nikachukua tepu dukani, ile tunayozungushia kifua cha ng'ombe kujua uzito wake, nikarudi Bungoma wikendi iliyofuata nikiwa nimeapa kwamba sitaondoka bila namba.

Mama aliiona hiyo tepu kabla sijakaa. Akainuka, akachukua leso yake, akakifunika kizimba chote. "Hapimwi," akasema.

"Mama, ni mabawa tu."

"Nimesema hapimwi. Kiumbe kizima hakipimwi kwa kamba. Ulilelewa wapi wewe?"

Nililelewa hapo hapo, na nilijua anachosema. Kwetu mtu hupimwa mara moja, na anayempima ni fundi wa jeneza. Hata mtoto akicheza na kamba akaizungusha mwilini mwa mwenzake, atachapwa. Lakini nilikuwa na jibu langu tayari, nililipanga njiani. Nikamwambia mimi hupima ng'ombe kila siku iendayo kwa Mungu, kwa tepu hii hii, na hawafi.

"Ng'ombe unawapimia nini?" akauliza.

"Kujua dawa. Na bei, wakiuzwa."

"Ehe. Wakiuzwa. Mahindi yanapimwa, yanaondoka. Ng'ombe anapimwa, anaondoka. Maiti anapimwa, anaondoka. Sasa huyu wangu unataka aende wapi?"

Mama hakwenda shule zaidi ya darasa la nne, lakini ukibishana naye, beba chakula. Nilimweleza yote aliyosema daktari, vidonda, uchafu, mavuno. Alisikiliza kila neno, na machozi yalimlengalenga, lakini leso haikutoka. Alitaka ndege apone, na alitaka nitengeneze hicho kizimba kipya, hata kile cha baba alikuwa tayari kukiacha. Alichokataa ni tepu.

Mimi nami ni mtoto wake, ukaidi sikuuokota barabarani. Jumapili akaenda kanisani, nami nikasingizia kichwa. Mara tu geti lilipofungwa nikatoa leso, nikafungua kizimba, nikamtoa kasuku kwa taulo na kumweka juu ya meza. Nilimwomba akunjue mabawa. Nilimpigia makofi, nikampeperushia gazeti, nikamwinua na kumshusha kama mama anayerusha mtoto. Wapi! Alijikunja akawa mdogo zaidi. Nikaona basi, nitalivuta mwenyewe taratibu, nikashika bawa la kulia kwa vidole viwili. Akanishika kidole gumba kwa ule mdomo wake, akauma hadi nikaona nyota mchana. Nilipiga ukelele. "Yesu wangu!" Naye akajibu, "Yesu wangu!"

Mama alirudi akatukuta hivyo, mimi nimefunga kidole kwa taulo lenye damu, kasuku amekwea kwa mdomo na makucha hadi juu ya kabati, tepu iko sakafuni. Nilingoja matusi. Hakunitukana. Alivua viatu vya kanisa, akamshusha ndege kwa mkono mtupu, akamrudisha kizimbani. Kisha akasimama katikati ya sebule na kunyoosha mikono yake miwili, huku na huku, kama mtu anayezuia ng'ombe asipite.

"Nipime mimi," akasema.

"Mama, acha."

"Si unataka namba? Mikono yangu inatosha mabawa yake, na inabaki. Kama kuna mtu wa kupimwa katika nyumba hii, ni mimi. Nimekula chumvi ya kutosha. Pima, mikono inachoka."

Mimi ninayecheka miiko, niliyempa hotuba siku moja tu kabla, nilishindwa kuinama kuokota ile tepu. Nikasema basi nitapima mikono yangu mwenyewe. Akanikemea kwamba mtoto hapimwi mbele ya mamake, nisimletee balaa. Mikono yake ilianza kushuka. Nilitazama kile kifua cha ndege, chekundu, na tone la damu pale alipojidonoa asubuhi, nikaokota. Nilipima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, nikiwa nalia waziwazi, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote cha kipuuzi. Futi tano kasoro inchi mbili. Mama akashusha mikono, akauliza kama nimekula.

Na mpaka leo yuko, mzima, ananisumbua kwa simu.

Fundi aliipokea namba bila kuuliza imetoka wapi. Nilisimama pale kwake siku tatu kama askari. Nafasi ya chuma na chuma nilipima mwenyewe kwa kidole gumba changu chenye bandeji. Palipopita kidole, nilimrudisha afanye upya. Akitaka kupaka rangi nilisoma kwanza maandishi ya kopo. Alipopendekeza apunguze urefu kidogo ili kipakiwe kwa urahisi, nilimwambia afadhali apunguze pikapu. Kwa fito za kasuku kukalia tulitumia matawi ya mpera, manene na membamba, ili miguu yake isichoke kushika kitu kimoja. Kiliingia sebuleni Kanduyi kwa ubavu, kochi moja likahamia chumbani, na mama hakulalamika hata kidogo.

Siku za kwanza kasuku alikaa kona moja. Nafasi yote ile, na yeye alikalia sehemu ya ukubwa wa ndoo mbili, kama vile waya wa zamani bado upo na sisi ndio hatuuoni. Mama aliweka karanga moja mbali naye kidogo kila asubuhi, na kila siku akaisogeza mbele. Nilihamia huko nikamwachia duka msichana niliyemwajiri. Ngozi ya kifua ilikauka. Wiki ya tatu vikaonekana vijinywele vya kijivu, na mama akapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Kisha asubuhi moja, jua likiingia dirishani, kasuku akajinyoosha na kufungua mabawa. La kulia lilifunguka lote, refu, zuri, sikujua lina manyoya mengi hivyo. La kushoto lilifika nusu, likasimama. Akajaribu tena. Likasimama pale pale.

Daktari alikuja mwenyewe kutoka Kitale. Alilishika lile bawa kwa upole, akakisikiliza kiungo kwa vidole, akasema limeganda, na limeganda zamani sana. Ndege ataishi, akasema, hakuna shaka, ataishi miaka mingi. Ila hataruka. Akauliza ni nani aliyewahi kumwona akilifungua, ili ajue liliharibika mwaka gani.

Mama alinitazama, nami nikamtazama. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha karanga kupitia waya nikitoka shuleni. Ndiye niliyemfundisha kusema jina langu. Kila Krismasi, miaka yote hiyo, nilivuta kiti nikakaa kando ya kile kizimba, nikacheka naye, nikampiga picha. Nilimgombeza kijana wa duka, nikamgombeza fundi, nikamgombeza mamangu. Sijawahi kumwona ndege huyu akifungua mabawa, na haikuwahi kunipitia kichwani kuuliza kwa nini.

"Hakuna, daktari," mama akasema. "Andika kwamba hakuna aliyemwona."