Kompyuta Iliyomsahau Sista

Jamani, leo nimejiponza! Mimi ni fundi wa kompyuta katika shule moja hapa Ifakara. Leo niliwatambia walimu kwamba nitaziwekea mfumo wa Linux kompyuta zote za maabara kupitia mtandao wa ndani, bila kuinuka kitini. Kila itakayowashwa itajifuta na kupakia mfumo mpya.

Umeme ukakatika. Uliporudi nikaziwasha zote, nikakaa kujisifu. Bichwa langu hili likasahau kwamba ofisi ya Sista, mkuu wetu wa shule, iko kwenye mtandao uleule, na yeye pia anawasha yake.

Mara akaingia.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona kompyuta yangu inaniuliza jina, kama haijawahi kuniona? Na mitihani ya kidato cha nne niliyomaliza kutunga jana imeipeleka wapi?”