Kamiyo ya bantu babili

Kamiyo ya marehemu Chishimba, lori ya kubeba mahindi, iko ya zamani sana. Siku iliingia Lubumbashi mara ya kwanza, miti ya jakaranda ilikuwa ingali mbegu mu mufuko ya muntu. Ikikohoa asubui kule Naviundu, kuku ya Bel-Air inazaa mayai bila ganda. Mwenye anakatala, aende kuuliza zile kuku.

Kwa myaka tisa, bantu babili njo balikuwa banaiendesha, na bote babili mara moja. Chishimba alianguka toka juu ya mizigo ya mahindi kule Kasenga, mukono yake ya kuume ikakufwa nguvu, haikuweza tena kusukuma levye ya vitesi, ile muti ya kubadilishia gia. Shofere mwingine angeacha kazi. Yeye alipandisha bibi yake, Ngosa, mu kiti ya pembeni. Chishimba anashika volan, usukani, na mukono ya kushoto, miguu yake inafanya kazi ya miguu. Akishakanyaga ambreyaji, ile klachi, anasema: "Mama Kiki, ya pili." Ngosa, na mukono yake ya kushoto, anatia ya pili. "Mama Kiki, ya tatu." Anatia ya tatu. Toka Kasenga mpaka ku soko ya Kenya, masolo yao, mazungumuzo yao, ilikuwa ile tu. Bibi na bwana bengine banagombana mu njia. Bale balikuwa banahesabu mpaka tano na kurudia nyuma.

Chishimba alikufwa mvua ikianza. Binti yao, Kiki, alikuya ku kilio, kisha akarudia kwa bwana yake kule Kolwezi. Mu lupango, kiwanja ya nyumba, kukabakia Ngosa na kamiyo, bakiangaliana.

Mbele ya Kiki kurudia Kolwezi, jamaa ilikaa kuongea mambo ya kamiyo. Gauthier, ndugu mudogo ya marehemu, alisema polepole, bila kasirani:

"Mulamu, kwetu kintu kinaenda kwa mwenye anajua kukitumia. Weye haujue kuendesha."

"Nani alikuambia?"

"Unajua mukono. Miguu ilikuwa ya kaka yangu."

Bantu balicheka, ata bale balikuwa banalia. Bakapatana: siku ya kumaliza kilio, miezi mitatu ikishapita, Ngosa atatosha kamiyo inje ya lupango, aifikishe ku soko ya Kenya yeye peke. Akishindwa, Gauthier atakamata funguo.

Ngosa akaenda kuita Papa Liévin, shofere ya zamani, jirani. Papa Liévin alijua kila kintu ya kamiyo, lakini magoti yake ilishachoka, hakuweza kupanda. Alifundishia chini, mu kiti ya plastiki, kofia ku goti, sauti ya padri.

"Kanyaga ambreyaji. Tia ya kwanza."

Mukono ya kushoto njo iliruka. Ikaacha volan, ikapita mbele ya tumbo, ikashika levye sawa vile myaka yote. Kamiyo ikaenda kukumbatia choo.

"Mama Ngosa, ile mukono ilibadilishwa kazi. Sasa ni ya volan."

"Uiambie mwenyewe, papa. Mi nilishaiambia."

Siku ya pili alisahau ambreyaji. Haikuwa ubaya; miguu yake ilikuwa inangojea mwenye kukanyaga. Meno ya vitesi ikalia, na kule Bel-Air padri akasimamisha misa, akifikiri ni malaika anapiga tarumbeta ya mwisho. Bantu babili balitubu mbiombio. Mumoja alirudisha mbuzi.

"Unangojea nini tena?" Papa Liévin aliuliza, siku ingine, motere ikizimika mara ya saba.

"Nangojea useme."

"Ile siku sitakuwa mule ndani, mama. Hakuna mwenye atasema."

Ngosa akakanyaga ambreyaji. Akawasha tena.

Ku jikoni alijitengenezea kamiyo ingine. Mufiniko ya sufuria: ambreyaji. Tofali: freni, ya kusimamisha. Kandambili: mafuta. Muti ya kusongea bukari, ugali yetu, mu mukono ya kuume: levye. Bukari ya ile miezi ilisongwa mu vitesi ya tano, na yeye peke njo alikuwa anaikula. Sahani ya pili, ya bwana, aliendelea kuitosha, na kuirudisha.

Siku ikafika. Papa Liévin alifungua mulango ya lupango, akatosha kofia. Kamiyo ikakohoa, ikatoka muzuri. Kiti ya pembeni ilikuwa wazi, na pagne ya Ngosa, kitenge yake ya kukalia, ingali pale.

Bakafika, yeye na kamiyo, ku mupando kisha kuvuka muto. Kamiyo ilianza kulegea, kutetemeka, kuomba ya pili. Nyuma, mabisi ikapiga honi. Ngosa alijua ile sauti ya motere kupita sauti ya binti yake. Mukono ilijua, muguu ilijua. Lakini hakuna mwenye alisema. Kamiyo ikabakia kidogo tu irudie nyuma.

Njo akasema yeye mwenyewe, na sauti ya chini, ya bwana:

"Mama Kiki, ya pili."

Muguu ikakanyaga. Mukono ya kuume ikasukuma. Ikaingia bila kulia. Toka kilio, hakuna muntu alikuwa anamuita vile. "Mama Kiki, ya tatu," akasema tena, ata njia ilikuwa haijaomba ya tatu.

Ku soko ya Kenya, bamama ya mahindi balivuta mabeseni yao. Kamiyo ikasimama mbele ya Gauthier. Gauthier akaizunguka. Akaangalia mu kiti ya pembeni. Akainama kuangalia chini ya kiti, na chini ya kamiyo, kama Papa Liévin alijificha kule.

"Hakuna muntu," alisema.

"Hakuna," Ngosa akajibia.

"Basi, mulamu, nilishindwa. Iko yako."

Ngosa hakushuka. Motere iliendelea kunguruma, bantu banapita, mahindi inapimwa, na yeye iko anaangalia mbele.

"Uzime sasa," Gauthier alisema. "Unangojea nini?"

Funguo ilikuwa ya Chishimba. Myaka tisa, yeye njo alikuwa anazima, na akizima, anasema: "Tulifika, Mama Kiki."

"Nilikuwa nangojea azime," Ngosa alisema.

 Ngosa alitia mukono ku funguo, akaikaza, akazima. Vitesi yote tano alikuwa amejiambia mu njia. Ile neno ya mwisho hakujiambia. Alikamata pagne yake ku kiti ya pembeni, akashukia ku mulango ya ile upande, mulango yake ya kila siku.